Kasri la bure Al Ain, na jibu kwa mnaoniuliza pesa natoa wapi

Haya, asalamu aleikumu, habari zenu. Video hii sikuipanga. Ni nyinyi mmeniandama: "Dada, juzi ulikuwa ukilia mshahara umechelewa, leo uko kasri la sheikh, pesa unatoa wapi?" Nikionyesha raha, najisifu. Nikisema shida, nawavunja moyo vijana wanaotaka kuja. Basi leo najibu, na wa kununa anune.

Kasri la Al Ain, nyumba ya zamani ya Sheikh Zayed, rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu, sasa ni makumbusho huku Al Ain, mji ulio ndani ya Abu Dhabi, na kuingia ni bure. Hakuna tiketi wala risiti. Mimi mtoto wa Mombasa, Fort Jesus naijua tangu utotoni, na nikimpeleka mgeni lazima nitie mkono mfukoni. Hapa nilipita mlangoni nikigeuka nyuma, nikidhani askari ataniita.

Ila bure nayo ina gharama zake. Kutoka Abu Dhabi mjini ni kama kilomita 160. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na hiyo ofu yenyewe, siku ya kupumzika kazini, ambayo ukiamka tu unapigiwa simu, fulani anaumwa, njoo ushike zamu yake. Na mwezi ule ndio nilikuwa na makato ya viza. Sheria ya hapa inasema gharama za viza ni za mwajiri, lakini mwajiri niliyekuwa naye wakati huo alikuwa akinikata kidogo kidogo na kuita "gharama za ofisi". Nilipouliza nikaambiwa wengi wanaitaka kazi yangu. Sasa nyinyi semeni, huyo ni mtu wa kujisifu?

Turudi kwenye kasri. Mnaowaza dhahabu na marumaru mtavunjika moyo. Ni kuta nene za rangi ya udongo, lango la mbao lenye minara miwili, nyua zenye minazi-nanii, mitende, niwieni radhi, na vyumba vya chini chini vyenye mikeka na mito. Lilijengwa 1937. Sheikh Zayed alikuwa mwakilishi wa mtawala kwa upande huu tangu 1946, na aliishi humu hadi 1966 aliposhika Abu Dhabi yote. Kumbukeni mafuta yaligunduliwa 1958, na kuyauza nje kulianza 1962. Kwa hiyo nyumba hii ni ya wakati wa tende na maji ya mfereji wa kuchimbwa, bado hakuna majengo ya vioo. Uani wameegesha Land Rover kama ile aliyokuwa akizungukia jangwani kwa mabedui, na kila mgeni anapiga nayo picha. Mimi pia, ndiyo ile picha mliyonisema nayo.

Habari za Busaidi, masultani wa Zanzibar, mnazijua, sizirudii. Hawa ni Al Nahyan, wa kabila la Bani Yas, na yao ilikuwa na damu. Sheikh Sultan, baba yake Zayed na mtawala wa Abu Dhabi wakati huo, aliuawa 1926 na ndugu yake Saqr. Saqr naye akauawa 1928, utawala ukamwendea Shakhbut, kaka yake Zayed. Mama yao, Sheikha Salama, akawaapisha wanawe kwamba hakuna atakayemdhuru mwenzake. Na kweli, 1966 Shakhbut alipoondolewa na Zayed akashika nafasi yake, hakuna aliyeuawa. Mama yule ndiye ningemjengea makumbusho yake peke yake, lakini nani ananiuliza mimi?

Kilichonisimamisha ni chumba cha mti wa ukoo. Majina yamepangwa kwenye matawi, fulani bin fulani bin fulani, unafuata kwa kidole mpaka shingo inauma. Nikakumbuka siku niliyokwenda kuomba kitambulisho kwetu. Wenzangu niliomaliza nao shule wamepewa, mimi naambiwa nilete cheti cha babu. Babu alizaliwa nyumba ya makuti, mkunga ni jirani, hicho cheti angekiandika nani? Nikakalishwa mbele ya wazee nihojiwe kama nimevuka bahari usiku. Bila kitambulisho hupati pasipoti, bila pasipoti kazi yenyewe ya huku huioni. Ukoo wangu naujua kwa mdomo hadi babu wa babu, ila karani hataki mdomo, anataka muhuri. Ndiyo maana nilisimama pale muda mrefu, na wale mlioandika "anajifanya msomi" mjue nilikuwa na hasira zangu.

Je, uende? Hilo mimi siwezi kukuamulia. Kama uko huku na ofu yako haina miadi, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na uhakikishe siku wanayofungua kabla hujapanda basi. Ukitoka, oasisi ya mitende iko hapo hapo, nayo haina kiingilio. Buraimi ni ya Omani, iko jirani kabisa, lakini msijaribu kuvuka kwa sababu mmeona dada kwenye simu kasema karibu. Huo ni mpaka na una makaratasi yake, na mimi sikuvuka.

Na mnaotuma ujumbe wa kazi usiku: mimi si ajenti, sina viza ya kuuza, na ukitumiwa namba inayosema ni yangu na inadai "pesa ya faili", usilipe.