Daftari Lililokalia Kimbweta

CHACHA: Karibuni tena. Mimi Chacha, niko na dada Tatu, na leo hatupotezi muda kwa sababu wengi wenu mna UE, mtihani wa chuo wa kufunga semesta, kesho asubuhi. Nimeandika mambo sita ya kumalizia semesta…

TATU: Chacha, subiri kwanza. Nina jambo la Jumanne.

CHACHA: Dada, tulikubaliana leo tunaenda moja kwa moja.

TATU: Na tutaenda. Nipe dakika mbili.

CHACHA: Dakika mbili zako wasikilizaji wanazijua. Haya.

TATU: Jumanne jioni mama kanipigia. Anasema kaongea na kitindamimba wetu, sauti haimpendezi, na kijana ana mtihani wa hesabu Alhamisi. Nikapika wali, nikakaanga samaki, nikafunga kwenye hotpoti, nikapanda bodaboda mpaka chuoni kwake. Chuo sikitaji, kipo hapa hapa Dar. Nimefika, simu yake haipatikani. Nikasema basi, nitafute pa kukaa nimsubiri. Vimbweta vyote vimejaa. Saa nne ya usiku, Chacha! Ungedhani mchana wa sikukuu.

CHACHA: Wiki ya UE hiyo. Kwa wanaotusikiliza kutoka nje ya Tanzania, kimbweta ni ile meza ya zege na mabenchi yake, imejengwa nje, chini ya mti au pembeni ya jengo, wanafunzi wanasomea hapo. Chuo bila vimbweta hakijawa chuo.

TATU: Ahsante. Sasa nikaona kimoja, kina watu watatu upande mmoja, upande wa pili kitupu. Nikaenda, nikasalimia, nikakaa. Zege la baridi mpaka unalisikia kwenye khanga. Binti mmoja akanyanyua kichwa kwa heshima kabisa: "Samahani dada, hapo pana mtu." Nikatazama. Pana kauntabuku, lile daftari nene la jalada gumu. Juu yake jiwe. Juu ya jiwe kikokotoo.

CHACHA: Basi pana mtu.

TATU: Pana daftari!

CHACHA: Dada Tatu, daftari lenye jiwe juu yake ni mtu kamili. Hiyo ni sheria ya chuo chochote ulichowahi kusikia.

TATU: Sheria kaiandika nani? Mimi nimesimama pale na hotpoti mkononi zaidi ya saa nzima. Huyo mtu hakuja. Wamepita watoto wengine wawili, wana madesa, yale makaratasi ya kusomea, kwapani, wanatafuta pa kukaa. Nao wakaambiwa pana mtu. Wakaondoka wakaenda kukaa kwenye ngazi, taa yenyewe inawaka na kuzima. Na daftari limekaa kwa raha zake, lina nafasi ya watu watatu.

CHACHA: Kikokotoo je? Nani anaacha kikokotoo chake gizani kama hana nia ya kurudi?

TATU: Nia siikatai. Ninachouliza, nia inakalia benchi?

CHACHA: Inakalia.

TATU: Basi nikaweka swali kwenye kundi letu la wasikilizaji siku ile ile: je, daftari lina haki ya kukalia kimbweta? Chacha, tangu tuanze kipindi hatujapata majibu namna hii.

CHACHA: Nimeyaona. Na ndiyo maana sikutaka tuligusie leo.

TATU: Naanza na huyu wa Morogoro. Anasema kwao daftari lina nusu saa. Ikipita, unalifunga vizuri, unaliweka pembeni, unakaa. Mwenyewe akija unampisha bila maneno.

CHACHA: Huyo ana busara lakini hana saa. Nusu saa hiyo nani kaipima?

TATU: Wa Dodoma: yeye na wenzake wamezoea kuacha mtu badala ya daftari. Wanapeana zamu. Mmoja anakaa, wengine wanakwenda kula.

CHACHA: Hapo sina neno. Ila huyo aliyebaki anakula nini?

TATU: Wanamletea. Sasa sikiliza huyu wa Nairobi, anasema kwao vita hiyo iko maktaba. Mtu anaacha sweta kwenye kiti asubuhi, anarudi jioni. Sweta limesoma siku nzima.

CHACHA: Sweta nalikataa. Sweta halina ushahidi wa kusoma. Kauntabuku ina jina, ina namba ya usajili, ina hesabu ndani.

TATU: Kwa hiyo ubishi wako ni wa vifaa.

CHACHA: Ubishi wangu ni kwamba hukuuliza huyo mtu yuko wapi. Dada, mimi nilikuwa na mwenzangu kwenye kundi letu, jioni alikuwa anafanya kazi kwenye kibanda cha miamala ya simu. Anafunga saa nne, anahesabu fedha za watu, anakuja chuoni karibu saa sita. Bila daftari lake pale asingepata pa kukaa semesta nzima. Tulikuwa tunamwekea. Walimu walitukuta hivyo na walituacha hivyo.

TATU: Na wale wawili wa kwenye ngazi, nao kama mmoja wao anatoka kwenye kibanda cha miamala?

CHACHA: Basi wawe na kundi.

TATU: Aa! Hapo sasa umefika ninapotaka. "Wawe na kundi." Asiye na kundi asisome.

CHACHA: Sijasema hivyo.

TATU: Umesema hivyo hivyo. Mimi nilisoma peke yangu chuo kizima. Si kwamba nilikuwa na maringo. Nikikaa na watu sita wanaojadili swali moja, najiona nimeelewa. Kila anayeongea natikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, hapo sawa. Nikirudi chumbani nikaichukua karatasi, siwezi kuandika mstari. Kichwa cha mwenzangu kilikuwa kimeelewa kwa niaba yangu. Na chumba cha mtihani hakina kundi. Unaingia na kitambulisho, kalamu na ulichonacho.

CHACHA: Kwa hiyo kujadiliana kubaya.

TATU: Wiki ya mwisho, ndiyo, kwa wengi ni kubaya. Kuna utafiti wa mwaka 2006, wa Roediger na Karpicke kule Marekani. Waliwapa wanafunzi makala fupi wasome, moja ya jua, nyingine ya fisi maji…

CHACHA: Fisi maji?

TATU: Fisi maji. Wengine wakarudia kuisoma makala, wengine wakaifunika wakaandika kila wanachokikumbuka. Wakapimwa baada ya dakika tano: waliorudia kusoma wakaongoza kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Funika daftari, andika. Hicho ndicho kinachobaki kichwani, na hukifanyi watu sita wakiongea.

CHACHA: Mbona utafiti wako unanitetea mimi? Kule kimbwetani tulikuwa tunafanya nini? Mtu anasimama, anafunga desa, anaambiwa tueleze mzunguko wa fedha tangu mwanzo. Akikwama, kicheko, anakaa, mwingine anasimama. Huko si kujipima? Tena kujipima mbele ya watu, huwezi kujidanganya.

TATU: Amesimama mmoja. Watano wamekaa.

CHACHA: Kila mmoja ana zamu yake.

TATU: Zamu ikifika saa nane ya usiku. Kesho yake saa mbili asubuhi ana mtihani wa saa tatu nzima. Na usingizi ndio unaopanga ulichosoma. Kijana anakesha siku tatu, anaingia chumbani anasoma swali mara nne halieleweki, halafu anasema mwalimu alitunga vibaya.

CHACHA: Kukesha sikutetei. Usinibandike. Lakini dada, wewe ulitoka Upanga, hapa hapa Dar, ulikuwa na meza kwenu, ulikuwa na kompyuta. Mimi nimekuja kutoka Tarime, kule Mara, na begi moja. Mwaka wa kwanza pasipepa, ile mitihani ya miaka ya nyuma, sijui zinatoka wapi, desa sijui linapigwa kopi steshenari gani, sijui hata kwamba mwalimu wa takwimu anapenda kuuliza mada ile ile kila mwaka. Nani aliniambia? Kimbweta. Fedha ya kujikimu enzi zangu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, siku hizi naambiwa 10,000, na hiyo ni kula na kulala. Wiki ya UE bumu, yaani hiyo fedha ya mkopo, limeshakata. Kwenye kundi letu mwenye chapati anagawa, mwenye sukari anatoa sukari. Ukiniambia nikasome peke yangu chumbani, unaniambia nikasome na njaa.

TATU: Hilo la chapati nalikubali kwa moyo wote, na ndiyo maana nilibeba hotpoti. Lakini chapati si njia ya kusoma, Chacha. Unachanganya mambo mawili. Watu wanakuokoa, sawa. Ila kusoma kwenyewe hakuna anayekusomea.

CHACHA: Hayatengani! Kwako yanatengana kwa sababu ulikuwa navyo vyote viwili tangu mwanzo.

TATU: Hapo unaniambia nilikotoka, hunijibu hoja.

CHACHA: Nilikotoka ndiyo hoja yenyewe.

TATU: Nami nasema yule binti wa kimbwetani, na adabu yake yote, alikuwa analinda kundi lake na kuwatoa watoto wawili kwenye taa. Kundi linalogawa chapati ndilo hilo hilo linalofunga mlango.

CHACHA: Mlango gani? Uwanja wazi ule.

TATU: Wa jiwe na kikokotoo.

CHACHA: Basi hapa hatutoki.

TATU: Hatutoki.

CHACHA: Na muda unakwenda. Naomba nisome hata…

TATU: Lakini Chacha, kwanza kuna ujumbe wa sauti, msikilizaji wetu wa Mwanza. Anasema hawa wanafunzi wa siku hizi wachore majina kwenye zege wakati wa ujenzi, kila mtu akijiunga chuo apewe kimbweta chake pamoja na namba ya usajili.

CHACHA: Akihitimu?

TATU: Anamrithisha mdogo wake.

CHACHA: Mama yangu. Kesi za ardhi zitaanzia chuoni sasa.

TATU: Mwingine anauliza: mwenye daftari akipata sapu, anabaki na benchi mpaka Septemba?

CHACHA: Mwenye sapu ana haki zaidi! Wenzake wamekwenda likizo, kimbweta kizima chake. Na tafadhali, aliye na sapu asifiche nyumbani. Sapu ni mtihani wa marudio, siyo msiba. Vyuo vyetu vingi ukifaulu sapu unapewa C, unaendelea na safari. Anayeficha ndiye anayekosa nauli ya kurudi kuifanya, halafu sapu moja inazaa keri, somo unalolibeba hadi mwaka unaofuata, na keri mwaka wa mwisho inakuzuia kuhitimu na wenzako.

TATU: Hilo lilikuwa kwenye sita zako?

CHACHA: La tano. Limejipenyeza lenyewe.

TATU: Nipe na la kwanza basi.

CHACHA: La kwanza ni koswaki, zile alama za kazi na majaribio ya semesta. Kabla hujakaa kusoma, jua umeingia na ngapi. Vyuo vyetu vingi koswaki ni 40, UE 60. Ukiwa na 30 kwenye koswaki, ukipata 40 za UE umefika 70, hiyo A. Ukiwa na 14, C ya 40 unaitafuta kwa 26. Watu wanagawa usiku sawa kwa sawa kwenye masomo yote wakati somo moja linawaka moto. Andika hesabu hiyo ukutani…

TATU: Na hiyo koswaki, ukiona alama yako haipo kwenye bango, umfuate mwalimu sasa hivi, si baada ya matokeo. Ukishaona alama yako haimo na mtihani umepita, unaanza kuzunguka ofisi hadi ofisi.

CHACHA: Kweli kabisa. La pili… fundi wa studio ananionyesha vidole.

TATU: Vingapi?

CHACHA: Vitatu. Wenzetu wa saa kumi wamefika, wako mlangoni.

TATU: Soma haraka.

CHACHA: Siwezi kulisoma haraka, la pili lina maelezo. Nitayaandika kwenye kundi leo usiku, yote, mtayakuta huko. Kwa sasa wenye mtihani kesho: angalieni ratiba tena leo, siyo ile mliyopiga picha wiki iliyopita. Vyumba vinabadilishwa. Na ada, kama hujamaliza, nenda ofisini leo ukaongee nao ukiwa na stakabadhi ulizonazo, usisubiri kuzuiwa mlangoni saa mbili kasoro.

TATU: Na saa nne mlale.

CHACHA: Waende kwanza kwenye majadiliano, ndiyo walale.

TATU: Wafunike daftari, waandike peke yao, walale.

CHACHA: Dada Tatu, mdogo wako alipatikana lakini? Watu wataniuliza.

TATU: Alipatikana. Alikuwa darasani juu anachaji simu, na wenzake wanne. Samaki wakaliwa na watu watano, wamesimama.

CHACHA: Wenzake wanne! Kundi!

TATU: Walikuwa wanakula, Chacha, hawakuwa wanajadili.

CHACHA: Hesabu ilikuwa mezani?

TATU: Ilikuwa… fundi, kata hiyo.