Anayeuziwa dawa ya mafua ni mwenye haraka

Ahsanteni, tukae. Kuna tangazo moja la televisheni la Marekani, la dawa ya mafua iitwayo DayQuil. Baba anafungua mlango taratibu, amebanwa na mafua hasa. Anasema samahani Dave kwa kukusumbua, kesho naomba niugulie nyumbani. Sisi watazamaji tumeshaamua kwamba Dave ni bosi. Kamera inageuka: kumbe Dave ni katoto kamesimama kitandani, kanamkodolea macho! Hapo sauti inasema akina baba hawachukui siku ya kuugua, wanachukua DayQuil.

Mmecheka, na mna haki. Kwa ufundi, ile ni kazi safi. Ila pale hakuna aliyeahidiwa kupona. Mafua yanaletwa na virusi, na vidonge vile havivigusi. Vinashusha homa, vinatuliza kikohozi, basi. Mteja anauziwa mahudhurio.

Na hiyo pua? Kazi ya kuizibua ilipewa fenilefrini. Ilienea baada ya sheria ya 2006 kuiweka sudoefedrini, dawa nyingine ya kuzibua pua, nyuma ya kaunta, maana watu walikuwa wakiipikia dawa za kulevya. Septemba 2023, washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya nchi ile, walipiga kura 16 kwa 0: fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo kilichozoeleka, haizibui kitu. Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye dawa hizo. Miaka yote hiyo matangazo yalikuwa yanapeta.

Linalonitisha zaidi ni parasetamoli. Vidonge viwili vya DayQuil vina miligramu 650. Mwenye haraka hasomi boksi. Kichwa kikimgonga anaongeza Panadol mbili, 1,000 nyingine. Akirudia hivyo mara tatu kwa siku amefika 4,950, na mwisho wa mtu mzima ni 4,000. Linaloumia ni ini, tena kimyakimya.

Tusimcheke Mmarekani. Kwake hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kumlipa mgonjwa aliyebaki nyumbani. Sisi Tanzania tunayo, ya 2004: siku 126 katika miaka mitatu, nusu yake kwa mshahara kamili, nusu kwa nusu mshahara. Lakini inataka cheti cha daktari. Nani atapanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya mafua? Na kibarua wa kulipwa kwa siku, ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, anamwomba nani? Huyo ndiye anayeingia duka la dawa na kusema, nipe kitu cha kunisimamisha.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika matangazo ya redio, ombi langu ni dogo. Ile “maumivu yakizidi muone daktari” inayokimbizwa mwishoni kama inadaiwa, ipeni pumzi. Na kabla muziki haujapanda, semeni: ndani yake mna parasetamoli, usiongeze nyingine.

Haya, maswali. Dada wa nyuma pale, karibu.