Zipi Zinafunguka, Zipi Zinagoma?

Mhadhara kwa walimu wa kompyuta, mafundi na wenye steshenari

Habari za asubuhi, walimu wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi wenye steshenari ambao ndio mnaonipigia simu saa tatu usiku. Nimeombwa nizungumzie kompyuta kongwe zinazokataa kufungua tovuti: unaandika anwani, badala ya tovuti unaletewa ukurasa wa kutisha kwamba muunganisho wako si salama. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Jumatatu tarehe 5 Septemba 2022, asubuhi na mapema, nilikwenda kumbadilishia mama mmoja wa steshenari betri ya mazabodi, ule ubao mkuu ndani ya kompyuta. Mnaijua: ile ya mviringo kama sarafu, CR2032, ya volti 3, inayotunza saa ya kompyuta umeme ukizimwa. Kazi ya dakika kumi. Unafungua boksi, unatoa iliyochoka, unaweka mpya, unawasha, unaingia kwenye bayosi, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, na kuweka saa na tarehe. Nikaandika 05/09/2022. Nikapokea changu, nikaondoka.

Saa nne simu ikalia. "Fundi, intaneti imekufa nusu." Nikauliza, nusu vipi, mama? "Google haifunguki. Tovuti ya maombi ya chuo haifunguki. Lakini benki inafunguka vizuri tu." Unajua nilimjibu nini? Anunue bando jingine. Akanunua, maskini, na hali ikabaki ileile.

Nilipofika nikakuta kivinjari chenyewe kimeshamwandikia kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Alikuwa ameyasoma maneno hayo kabla yangu. Akatazama pembeni kule chini kwenye skrini: saa sawa na ya ukutani, tarehe 5/9/2022 sawa na kalenda. Akaona kivinjari kinamsingizia. Na mimi fundi, nusu saa nzima, nikaona hivyohivyo.

Kumbe bayosi ile huandika mwezi kwanza, siku baadaye, kama Wamarekani. Mimi niliandika 05/09 nikikusudia tarehe 5 mwezi wa 9. Yenyewe ikaelewa mwezi wa 5 tarehe 9. Na Windows ya pale ilikuwa imeachwa kwenye mtindo uleule wa Marekani, kwa hiyo ikaonyesha 5/9/2022, na sisi tukaisoma kwa macho yetu. Kompyuta iko Mei, sisi tuko Septemba, na wote tunatazama maandishi yaleyale. Nikasema basi niangalie siku ya wiki. Jumatatu! Kati ya 9 Mei na 5 Septemba kuna siku 119, yaani wiki 17 kamili, kwa hiyo kila mwaka tarehe hizo mbili huangukia siku moja. Ningekwenda kubadilisha betri Jumanne, siku ya wiki ingeniumbua mapema. (Kicheko.)

Haya, kwa nini benki ilifunguka na Google ikagoma? Hapo ndipo penye darasa.

Kila tovuti inayofunguka kwa https, ile njia salama ya kuzungumza na tovuti, ina cheti. Ndani ya cheti kuna jina la tovuti, sahihi ya mamlaka iliyokitoa, na tarehe mbili: kinaanza lini, kinakwisha lini. Kabla ya kutuma chochote chako, kivinjari hutazama saa ya kompyuta iliyo mbele yako na kuilinganisha na tarehe hizo. Cheti cha benki kilikuwa cha mwaka, kimetolewa kabla ya Mei. Kwa kompyuta iliyokwama Mei, ni halali. Google hubadilisha vyeti vyake kila baada ya miezi isiyotimia mitatu, na tovuti ya chuo ilikuwa na cheti cha siku 90 kutoka mamlaka iitwayo Let's Encrypt. Hesabu mwenyewe: cheti cha siku 90 kinachofanya kazi tarehe 5 Septemba hakiwezi kuwa kilikuwepo tarehe 9 Mei. Kivinjari kikaona cheti ambacho hakijaanza, kikakikataa. Kilikuwa na haki. Mwenye makosa alikuwa fundi.

Tangu siku hiyo mtu akinipigia simu sianzi na bando wala sianzi na router. Nauliza: zipi zinafunguka, zipi zinagoma? Naomba mnitajie tovuti tano. Jibu hilo linanionyesha ugonjwa kabla sijagusa mashine.

Ukiambiwa zinagoma zote, hata Google, na tatizo hurudi kila asubuhi baada ya umeme kuzimwa, huyo ni mgonjwa wa betri. Saa imerudi mwaka kiwanda kilipotengeneza mazabodi, na kwa mwaka huo hakuna cheti cha leo kilichokuwa kimeanza. Wengine husema, "Lakini Windows si hujirekebisha saa yenyewe kwa intaneti?" Hujirekebisha, ila kwa mipaka. Kompyuta isiyo kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva moja), kwa mpangilio wake wa kawaida, ikikuta tofauti inazidi saa 15 huacha ilivyo. Kwa hiyo weka tarehe mwenyewe kwanza, kisha iache imalizie dakika. Na eneo la saa chagua Nairobi, UTC+3. Dar es Salaam msiitafute kwenye orodha ile, hamtaiona. Tuazime tu ya jirani.

Jambo jingine dogo ambalo mzungu hawezi kulikisia. Nimekuta kompyuta imewekwa saa 3:00 asubuhi kwa sababu aliyeiweka alitazama ukutani akasema ni saa tatu. Kwetu ni kweli, saa tatu. Kwa kompyuta hapo ilipaswa kuwa 9:00. Ipo nyuma kwa saa sita, na karibu tovuti zote zitafunguka, isipokuwa ile iliyobadilisha cheti chake asubuhi hiyohiyo. Jioni nayo inafunguka, unadhani imejiponya. Fundi akija siku ya pili hakuti kitu.

Ugonjwa wa pili: saa ni sahihi, baadhi ya tovuti zinagoma kwa Chrome, lakini ukizifungua kwa Firefox kwenye mashine ileile zinafunguka. Wengi tulikutana nao mwishoni mwa Septemba 2021. Let's Encrypt, ambayo hutoa vyeti bure na kwa hiyo inatumiwa na tovuti nyingi mno, ilikuwa inategemea cheti cha mzizi, yaani kile ambacho kompyuta hukiamini na ndicho kinachothibitisha vyeti vingine, kiitwacho DST Root CA X3, cha tangu mwaka 2000. Tarehe 30 Septemba 2021 kikafika mwisho wake. Mzizi wake mpya, ISRG Root X1, ulikuwa umeshasambazwa, lakini kompyuta isiyopata masasisho ilikuwa haiujui. Ni kama kupokea barua yenye muhuri wa ofisi usiyoijua: barua ni ya kweli, wewe ndiye huna namna ya kuthibitisha.

Kwa nini Firefox ikapona? Kwa sababu hubeba orodha yake ya mizizi, haiombi ya Windows. Chrome ya wakati ule ilitegemea ya Windows. Na Windows 7 yenyewe ina uwezo wa kwenda kuuchukua mzizi mpya inapouhitaji, ila sisi mafundi tulikuwa tumezifunga anwani zote za Windows Update ili zisile bando la shule. Nakumbuka maabara moja ya shule, mashine kumi na kitu, zote nilizifunga kwa mkono wangu na nikashukuriwa. Mwaka uliofuata nikalipwa kwenda kuzifungua.

Dawa ni kuruhusu masasisho hayo, au kuchukua mzizi kwa kompyuta nyingine nzima, kutoka kwenye tovuti ya Let's Encrypt yenyewe, kuubeba kwa flashi na kuuweka kwenye orodha ya mamlaka za mizizi. Hapa niwasimamishe kidogo. Mzizi unaouweka humo ndio utakaoamua kompyuta hiyo iamini nani. Mtu akikutumia faili la cheti kwa WhatsApp, "weka hiki, kila kitu kitafunguka," kweli kitafunguka, na yeye anaweza kukaa katikati asome kila nenosiri linalopita. Usiweke.

Simu nazo zimo. Android iliyo chini ya 7.1.1 haiujui mzizi ule mpya. Let's Encrypt walizinusuru kwa sahihi ya ziada ya ule mzizi wa zamani, na hiyo nayo ikaisha tarehe 30 Septemba 2024. Kwenye simu kama hiyo kimbilia Firefox.

Ugonjwa wa tatu ni wa uzee wenyewe. Tarehe ni sawa, mizizi ipo, lakini skrini inaandika ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH, au kwa Firefox SSL_ERROR_NO_CYPHER_OVERLAP. Maana yake kivinjari na seva wamekaa kuelewana wasimbe (wayafiche mazungumzo yao) kwa namna gani, wakakosa hata moja wanayoijua wote wawili. Kanuni za usimbaji wa https huitwa TLS: TLS 1.0 ni ya 1999, 1.2 ni ya 2008, 1.3 ni ya 2018. Windows XP ni ya 2001. Internet Explorer 8 juu yake huishia kwenye TLS 1.0, wakati seva nyingi za leo hazianzi mazungumzo chini ya 1.2. Hapo hata ubadilishe betri mia. Kwa Windows 7 yenye Internet Explorer 8 hadi 10 kuna unafuu: TLS 1.2 ipo ila imezimwa, unaenda kwenye mipangilio ya intaneti, sehemu iliyoandikwa Advanced, unaiwekea alama ya vema. Internet Explorer 11 huja imewashwa.

Kwa XP, vivinjari vinavyobeba usimbaji wao wenyewe vilisaidia kwa muda. Chrome ya mwisho ni 49, Firefox ya mwisho ni 52 ESR (ESR ni toleo linalopewa masasisho kwa muda mrefu). Kwa Windows 7 ni Chrome 109 na Firefox 115 ESR. Ukiona namba iliyo chini ya hizo, pandisha kwanza kabla ya kuhangaika na mengine.

Naona mkono kule nyuma. Mwalimu, karibu. — Anauliza, si abonyeze tu pale panapoandikwa endelea hata kama si salama? Nashukuru umeuliza mbele za watu, maana wengi hufanya kimyakimya. Ukiwa unafungua ukurasa wa mipangilio ya printa iliyo mezani kwako, yenye cheti ilichojitengenezea kiwandani, endelea, printa unaiona kwa macho. Lakini mteja amekaa pembeni yako anaomba mkopo wa chuo, anakutajia nenosiri lake, nawe unabonyeza endelea? Umemfungulia kufuli lake bila kumuuliza. Tovuti nyingine kama Google hazikupi hata hicho kitufe, na ni vizuri.

Swali jingine: je, antivirusi inaweza kuwa chanzo? Ndiyo, ipo inayojiweka katikati ili ikague https, ikitumia cheti chake. Ikizeeka au leseni ikiisha, inaweza kuzigomesha tovuti zote kwa pamoja. Bonyeza palipo na onyo, tazama cheti kimetolewa na nani. Ukikuta jina la antivirusi badala ya mamlaka ya vyeti, umempata. Ondoa ukaguzi huo kwenye mipangilio yake.

Na Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows? Mimi ni mpenzi wake, kwa hiyo mnisikilize kwa tahadhari. Mashine yenye RAM ya GB 2 na diski ya SSD hata ndogo inaweza kuendesha Linux nyepesi yenye Firefox ya sasa, na magonjwa yote ya pili na ya tatu yakaondoka siku moja. Angalieni prosesa kwanza: Core 2 Duo zote zina uwezo wa biti 64 ingawa nyingi zimewekewa Windows ya biti 32. Wekeni ya biti 64, maana kuanzia toleo la 145 Firefox imeacha Linux ya biti 32. Ila hata Linux haiponyi betri iliyokufa.

Na hiyo betri ndiyo itakayotusumbua zaidi huko mbele. Kuanzia Septemba 2020 cheti cha tovuti hakikuruhusiwa kuzidi siku 398. Ukomo huo ukapangiwa kushuka kwa hatua: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Rudini kwa yule mama wangu. Mwaka 2022 kosa la miezi minne lilimwachia benki. Mwaka 2029 kosa hilohilo halitamwachia tovuti hata moja, na la wiki tatu tu litamfungia karibu nusu. Siku hizi kwenye kila boksi ninalofungua nabandika kikaratasi ndani ya mfuniko: tarehe ya betri, na mwezi nimeuandika kwa herufi, "5 Septemba," bila mkwaju (/).

Nimekuja na betri kumi. Kabla ya chai, tuwashe hizo kompyuta tano zilizo ukutani, kila mmoja asome tarehe kwa sauti, mwezi kwa jina lake. Ile ya dirishani niliiwasha nilipoingia. Inasema leo ni 1 Januari 2009. Nani anaanza nayo?