Vumbi la Kilimanjaro na Njaa ya Misri

Walimu wangu, wanafunzi, na wazee wetu mliotuheshimu kwa kuja: shikamooni, na habari za jioni.

Mwaka 2000, timu ya mwanasayansi Mmarekani Lonnie Thompson iliupanda mlima huu tunaouona kila siku hapa Moshi, ikatoboa barafu ya kileleni na kutoa mihimili sita ya barafu. Mrefu kuliko yote ulikaribia mita 51. Barafu hujijenga tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hubaki na vumbi la zama zake. Humo wakakuta tabaka la vumbi lenye unene wa milimita 30 hivi, wakalikadiria kuwa na umri wa miaka 4,000 hivi. Hebu fikirini ukame wa kuinua udongo kiasi hicho hadi kwenye theluji ya Kibo!

Ukame huo haukuwa wetu peke yetu. Kuanzia karibu mwaka 2200 KK mvua zilipungua katika eneo kubwa la dunia. Kule Mesopotamia, Iraq ya leo, dola ya Akkad ilivunjika. Lakini mimi nataka tukae Misri, kwa sababu Misri ilikula mvua ya kwetu. Ziwa Victoria huulisha mto Naili mwaka mzima, ila gharika yenyewe, ile ya Julai hadi Oktoba, karibu yote hushuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Maji yalipanda, yakaingizwa kwenye majaruba makubwa yenye matuta, yakatuama kwa wiki kadhaa na kuacha tope. Hapo ndipo mkulima alipomwaga mbegu za shayiri na ngano. Gharika ikiwa ndogo, mashamba ya juu hayapati hata tone, na mvua ya kuyaokoa haipo.

Tazameni piramidi, zinasema mengi. Ya firauni Khufu ilifika kimo cha mita 146 hivi. Ya Pepi wa Pili, firauni aliyetawala miaka mingi mno hadi wakuu wa majimbo wakajizoesha kurithishana vyeo wao kwa wao, ilikuwa mita 52 hivi. Wafalme kadhaa baada yake akaja Ibi: takriban mita 21. Kodi ya nafaka ilikuwa haifiki tena ikulu.

Kusini ya Luxor, mahali paitwapo Mo'alla, kuna kaburi la mkuu wa jimbo aliyeitwa Ankhtifi. Ukutani ameandikisha kwamba Misri ya Juu yote, yaani kusini ya nchi, ilikuwa inakufa kwa njaa, hata watu wakawa wanakula watoto wao. Kisha anajisifu: katika jimbo lake hakufa mtu kwa njaa, naye alipeleka nafaka hadi Nubia, nchi iliyo kusini ya Misri. Majigambo ya kaburini tuyapunguze, sawa. Lakini angalieni anajisifia nini: ghala. Hataji kabisa msaada wa firauni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ukame peke yake uliiua Dola ya Kale, yaani utawala wa mafirauni waliojenga piramidi hizo. Ukame uliikuta ikulu imekwisha kulegea, na kila jimbo likabaki na akiba yake au na njaa yake. Firauni alikuwa amewaambia watu kwamba mpangilio wote wa ulimwengu, mto ukiwemo, uko mikononi mwake. Mto ulipomkaidi, alikuwa na lipi la kuwaambia?

Zaidi ya miaka mia ilipita ndipo Mentuhotep wa Pili, kutoka Thebes, ambayo leo ni Luxor, akaiunganisha nchi upya, karibu mwaka 2050 KK. Wafalme waliofuata hawakuiacha gharika ije kama itakavyo. Waliyashughulikia maji ya Faiyum, bonde lililo magharibi ya Naili, na zama za Amenemhat wa Tatu maofisa wao walichonga kwenye miamba ya Semna, mpakani huko Nubia, alama ya kimo cha mto kwa mwaka husika, pamoja na mwaka wa utawala wa mfalme.