Hita ya papo hapo: bei ya dukani na bei ya Luku

ATUPELE: Habari za jioni, mnaotusikiliza. Mwezi wa saba Mbeya ndio huu, ukigusa bomba asubuhi vidole vinakufa ganzi. Mada ya leo nimeileta mimi, kwa sababu imenigusa mfukoni. Nilifunga hita ya papo hapo, ile inayokaa juu kwenye bomba la mvua, ukifungua maji nayo inawaka. Kaka Josefu ni fundi umeme, miaka mingi sasa, na leo nataka anijibu swali moja: hii kitu inakula nini hasa?

JOSEFU: Asante dada Atupele, na wasikilizaji poleni na baridi. Tuanze na namba za nyumbani kwako. Kabla ya hita mlikuwa mnatumia uniti ngapi kwa mwezi?

ATUPELE: Sitini, sitini na mbili. Tupo wanne. Friji ndogo, taa, televisheni, pasi. Kupika ni gesi. Nilikuwa nanunua umeme wa 7,500 hivi, mwezi unaisha salama. Baada ya hita, mwezi wa kwanza ikaruka kama 40,000, baadaye ikapita 50,000. Nikaita fundi nikiamini kabisa kwamba umeme unavuja mahali.

JOSEFU: Haukuvuja hata kidogo. Hita yako imeandikwa wati ngapi?

ATUPELE: Elfu tano na mia tano.

JOSEFU: Haya. Mtu mmoja akioga dakika nane kwa hita hiyo, anatumia robo tatu ya uniti, pungufu kidogo. Watu wanne kwa siku ni uniti tatu kasoro. Kwa mwezi, 88. Ukijumlisha na zile 60 zenu, mmefika 148.

ATUPELE: Sawa, uniti zimezidi mara mbili na nusu. Mbona hela imezidi mara saba?

JOSEFU: Hapo ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Wewe ulikuwa kwenye lile kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja ni shilingi 100, ukiweka kodi na tozo ni 122. Ukivuka 75, zile za juu zinauzwa 350 kabla ya kodi. Na ukiendelea kuvuka unahamishiwa kundi la kawaida, ambako kila uniti ni 292, na kodi na tozo juu yake inafika kama 356. Kila uniti, dada. Hata ya taa. Hata ya friji.

ATUPELE: Kwa hiyo zile sitini zangu za zamani nazo zimepanda bei?

JOSEFU: Ndiyo. Zile 60 peke yake zimekuongezea 14,000 kila mwezi, na hazijapasha hata kikombe cha maji. Maji yenyewe ni 31,000 na kitu. Jumla hita inakugharimu 45,000 kwa mwezi. Muuzaji dukani hawezi kukuambia hilo kwa sababu hajui mita yako iko kundi gani.

ATUPELE: Na mimi dukani niliangalia bei ya hita tu. Shilingi 95,000, nikaona nafuu kubwa ukilinganisha na hita ya tanki. Ngoja nikuulize basi: ningechukua ya tanki, lita 50, ningepona?

JOSEFU: Usingepona. Nalisema hili kila nikienda kwa mteja na bado halizoeleki: kupasha maji ni kupasha maji. Hapa kwetu maji ya bomba msimu huu tuseme yako nyuzi 18, wewe unataka kuoga ya 40. Uniti moja ya umeme inakupa lita 39 za maji hayo, basi. Hita ya koili, iwe ya tanki au ya papo hapo, haiwezi kukupa lita 45 kwa uniti hiyo hiyo. Ya tanki inaweza kukupa pungufu, kwa sababu ukiiacha inawaka mchana kutwa joto linatoka kwenye ukuta wa tanki nawe unalilipia. Kwa upande huo ya papo hapo ina haki ya kusifiwa, haipashi maji ambayo hakuna anayeyaoga.

ATUPELE: Lakini utendaji wake sasa! Mimi maji yakiwa ya moto ni membamba kama uzi. Nikifungua bomba zaidi, yanakuwa vuguvugu. Dada yangu Dar ana ya aina hiyo hiyo, kwake yanamwagika vizuri tu.

JOSEFU: Dar maji yanaingia kwenye hita yakiwa nyuzi 27 hivi. Yanahitaji kupanda nyuzi 13 tu, kwa hiyo wati 5,500 zinampa lita sita kwa dakika. Wewe unataka kupandisha nyuzi 22, wati zile zile zinakupa lita tatu na nusu. Ndiyo maana huwa nasikitika kidogo, maana hita hizi mahali zinapotakiwa kwelikweli, Mbeya, Njombe, Iringa, Arusha, ndipo zinapotoa maji machache. Umetokea kufikiria zimetoka wapi? Nyingi tunazofunga ni za Brazil, Lorenzetti ni kampuni ya São Paulo. Na Brazil sehemu kubwa ni joto, zinawafaa.

ATUPELE: Jioni ndiyo mbaya zaidi. Saa moja, saa mbili usiku, hata nikibana bomba maji hayachemki.

JOSEFU: Saa hizo mtaa mzima umewasha. Umeme unashuka. Sasa sikiliza, umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, hita haipungui kidogo kama watu wanavyodhani, inapungua karibu theluthi. Ile ya 5,500 inabaki kama 3,700. Maji yako ya moto yanakuwa lita mbili na nusu kwa dakika. Ya tanki hapo inakushinda wazi, kwa sababu yenyewe ina koili ya wati 1,500 au 2,000, inapasha taratibu mchana umeme ukiwa mzuri, jioni maji yapo yanakusubiri. Lita 50 zilizofika nyuzi 60, ukichanganya na ya baridi, zinakuwa karibu lita 95 za kuoga. Watu wanne wanaoga, ilimradi wa kwanza asijisahau.

ATUPELE: Na waya? Kwangu waya, breka, swichi na ufundi vilikaribia mara tatu ya bei ya hita. Nilidhani nimepigwa.

JOSEFU: Hukupigwa. Huyo fundi wako alikuwa mtu makini. Hita hiyo inavuta ampea 24 mfululizo. Inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, milimita 4 kama ni karibu, milimita 6 kama bafu liko mbali, breka yake yenyewe ya ampea 32, na swichi inayokata laini zote mbili. Nimeingia kwenye nyumba nikakuta hita imeungwa kwenye waya wa soketi, milimita 2.5. Ukigusa ukuta pale waya unapopita, ni wa moto. Watoto wanalala upande wa pili wa ukuta ule.

ATUPELE: Mungu wangu.

JOSEFU: Na athi, dada, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Hita nyingi za aina hii koili iko wazi ndani ya maji. Nyumba isiyo na athi nzuri, mtu anaoga anashika bomba anasikia shoti inamchezea mkono, anasema ni kidogo tu, amezoea. Hicho si kitu cha kuzoea. Mimi siwashi hita ya mteja bila nguzo ya athi iliyopimwa na ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Wateja wengine wananikasirikia, wanaenda kutafuta fundi wa bei rahisi. Naumia, lakini siwezi kufunga.

ATUPELE: Wa Pwani wenye visima vya chumvi je?

JOSEFU: Wanunue iliyoandikwa ni ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Chumvi inapitisha umeme vizuri na inakula koili. Hilo halina mjadala.

ATUPELE: Kuna msikilizaji aliniuliza za gesi, zile za ukutani.

JOSEFU: Maji zinatoa. Yenye lita sita kwa dakika ina nguvu ya wati kama 10,000, na haijali umeme mdogo. Ila moto ule unakula hewa na unatoa moshi usioonekana unaoua, kwa hiyo ikae nje ya bafu, mahali pa wazi, kamwe isiwe ndani. Mtu akiniambia hana nafasi ya nje, namwambia aache.

ATUPELE: Sasa mimi nifanyeje? Hita nimeshainunua, waya umeshapita.

JOSEFU: Kwa nyumba ya mtu mmoja au wawili ambao tayari wako kundi la kawaida la umeme, hita yako ni chaguo zuri, ningeifunga kesho. Kwa nyumba ya wanne, baridi ya hapa, na mita iliyokuwa chini ya 75, mimi ningekuwa nimekushauri uweke pesa polepole kwa ajili ya sola ya maji juu ya bati. Gharama ya kuanzia ni nzito, lakini jua la Mbeya mwezi wa saba mchana linawaka hata kama usiku kunaganda. Kwa sasa, punguza maji. Watoto waoge kwa ndoo, lita 12 zinawatosha. Pale ambapo bomba la mvua lingemwaga lita 28, umepunguza zaidi ya nusu.

ATUPELE: Lakini nikipiga hesabu, hata wote tukioga ndoo, lita 48 kwa siku ni uniti moja na robo. Mwezi ni 37. Na zile 60, ni 97. Bado sirudi chini ya 75.

JOSEFU: Hurudi kwa umeme, ni kweli. Ndoo za watoto zipashie kwenye gesi unayopikia. Hita ibaki ya wakubwa wawili, dakika nne nne, na ikifika mwezi wa kumi joto limerudi unaizima kwenye breka kabisa. Hapo miezi ya joto utarudi kwenye sitini zako, kisha ufuatilie mita yako irudishwe kundi la chini.

ATUPELE: Dakika nne nitajaribu. Jumamosi njoo unipimie athi, maana hilo la mkono kuchezewa na shoti nimewahi kulisikia mara mbili, sikusema.

JOSEFU: Mara mbili? Basi usingoje Jumamosi, na leo usiiwashe. Nakuja kesho saa moja jioni, mtaa ukiwa umewasha wote, nipime na volti hapo hapo.