Lori Likishagonga: Madai ya Fidia Huanzia Wapi

Ndugu zangu, ninyi mnaokaa kandokando ya barabara ya Chalinze, Morogoro hadi Iringa mnayaona malori yakipita usiku na mchana, mengine yakielekea Tunduma na kuvuka mpaka. Ajali ikitokea, fidia hupotea mapema, familia ikiwa bado wodini. Kwa hiyo naanza na namba za gari.

Lori la tela ni vyombo viwili. Kichwa kina namba yake, tela lina namba yake, na bima zake zaweza kuwa mbili. Wakati mwingine hata wamiliki si mmoja. Watu hupiga picha mbele, wakaridhika. Zungukeni nyuma, pigeni picha namba ya tela pia, na jina lililoandikwa mlangoni. Kisha hakikini namba zote mbili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima: bima ilikuwa hai siku ile ya ajali? Gari likiwa la nchi jirani, ulizeni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mpaka, na mnakili namba yake.

Majeruhi mahututi atibiwe kwanza, PF3, fomu ya polisi ya matibabu, itafuatwa. Lakini ifuatwe kweli, na daktari aombwe aandike kila jeraha, hata lile linaloonekana dogo. Kichwa kilichogongwa huweza kuleta kifafa miezi baadaye, na kama jeraha hilo halikuandikwa, kampuni ya bima itasema kifafa hicho hakihusiani na ajali. Toeni nakala kabla ya kuirudisha polisi.

Kule polisi fuatilieni PF90 ya taarifa ya ajali, ramani ya ajali, na PF93 ya ukaguzi wa gari. Hii ya mwisho msiichezee. Dereva akisema breki zilikata, wengi hudhani hapo hakuna wa kulaumiwa. Sivyo. Breki zilizochakaa ni uzembe wa mwenye gari aliyeliingiza barabarani, na yeye hudaiwa pamoja na dereva wake. Ila ukaguzi ufanyike kabla lori halijaachiwa. Likishapita gereji, ushahidi umekwisha.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili: dereva anakiri kosa, analipa faini, familia inarudi nyumbani ikidhani kesi imekwisha. Faini ile ni ya serikali. Madai yenu ni kesi nyingine kabisa, na hukumu ile ni silaha yenu, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi huifanya kuwa uthibitisho wa kosa lake. Ombeni nakala iliyothibitishwa na mahakama.

Halafu atakuja mtu na hati ya malipo. Someni kama imeandikwa kuwa malipo hayo ni ya mwisho. Mkisaini mguu haujapona, gharama ya upasuaji wa pili itakuwa yenu. Wakati huohuo tunzeni risiti za dawa, nauli na vipimo. Hasara halisi mahakamani huthibitishwa kwa karatasi, haikadiriwi.

Fidia ya aliyefariki hudaiwa na msimamizi wa mirathi. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, chukueni cheti cha kifo, ombeni usimamizi mahakamani. Fanyeni hivyo mapema, kwani madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Lori likiwa la serikali, notisi ya siku 90 hutangulia.

Utingo na dereva walioumia kazini wana mlango wao, WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na taarifa isizidi miezi 12 tangu ajali.

Asiye na fedha ya wakili atafute mtoa msaada aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msaidizi wa kisheria atawaelekeza na kuwasaidia kupanga nyaraka, lakini hawezi kusimama mahakamani kama wakili wenu. Na kabla ya kufungua kesi, notisi ya maandishi iifikie kampuni ya bima, nakala yenu ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.