Kaseti ya Baba: namna ya kuihamishia kwenye kompyuta

Karibuni jamani. Kaseti hii ni ya mwaka 1986, ya dakika 60. Anayezungumza ni baba yangu, Myahudi aliyezaliwa Łódź, Polandi, akinisimulia Vita vya Pili vya Dunia jikoni kwetu Nairobi, Kiswahili kimechanganyika na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mtasikia na birika likichemka.

Tazameni huku juu. Kuna vijino viwili vya plastiki... ngojeni, kamera haioni, nisogeze taa. Haya. Vivunjeni vyote viwili kwa bisibisi ndogo. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakishuki hata ukikikandamiza. Mimi sikuvivunja. Nilibonyeza vitufe viwili pamoja, zikafutika dakika nne, na humo baba alikuwa akitaja majirani wa jengo lao, mlango baada ya mlango. Yeye mwenyewe ameshatutoka. Hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo vijino kwanza! Mashine baadaye.

Waya wa kwenda kwenye kompyuta mnajua kuuchomeka. Peleka utepe mbele hadi mwisho, urudishe mwanzo, maana uliolala miaka mingi hujibana. Mimi natumia Audacity, programu ya kurekodi sauti, ni ya bure: biti 24, hezi 48,000, hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. Saa moja itakula kama gigabaiti moja. MP3, faili lililobanwa likawa dogo, ni ya kuwatumia ndugu kwa simu.

Mmesikia? Sauti inafifia. Nasimamisha. Kichwa cha kusomea kina uchafu. Pamba, spiriti, pangusa taratibu, acha kikauke. Tuendelee.

Hapa anaeleza karakana ya viatu vya majani makavu ndani ya geto, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi wa Łódź, akiwa na miaka 14. Kisha Agosti 1944, treni ya kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kisha ananyamaza, birika tu linasikika. Programu ina kitufe cha kuondoa kimya. Msikiguse, nawaomba. Kimya kile ni chake. Mngurumo punguzeni kwenye nakala, ya asili ibaki ilivyo. Akikosea tarehe, mwacheni aseme. Sahihisho liandikeni pembeni.

Mkitafuta nyaraka kwenye Arolsen Archives, hifadhi ya kumbukumbu za walioteswa na Wanazi, huko Ujerumani, msiandike Łódź peke yake. Mwaka 1940 Wajerumani waliubadilisha mji huo jina wakauita Litzmannstadt. Jaribuni yote mawili, na majina ya ukoo kwa tahajia zote mnazoweza kufikiria.

Baada ya pale nilipofuta, yamebaki majina kumi na moja. Yad Vashem, taasisi ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, kule Jerusalem, hupokea Kurasa za Ushuhuda, ukurasa mmoja kwa kila aliyeuawa. Nimejaza tisa. Mawili sijayasikia vizuri, ndiyo maana leo nimevaa hizi spika za masikioni kubwa.

Nageuza upande wa pili. Vijino? Nimekagua tena, havipo. Nabonyeza.